Likizo hii tuwasikilize watoto wakisoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi na walezi wenye watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, hasa wakati huu ambapo shule zinakaribia kufungwa kwa likizo ya Desemba na matangazo ya twisheni yameanza kubandikwa kwenye nguzo za umeme na milango ya maduka. Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini katika shule ya msingi ya serikali mkoani Morogoro. Kazi yangu ya kila siku ni Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, zile KKK ambazo mtaala wa mwaka 2015 uliziweka kuwa kiini cha masomo ya darasa la kwanza na la pili. Ninaloamini ni kwamba mtoto wa umri huu akiwa nyumbani hujifunza zaidi kwa shughuli fupi anazozifanya pamoja na mtu mzima anayemsikiliza kuliko kwa kujaza daftari la mazoezi akiwa peke yake, na kwamba shughuli hizo hazidai fedha wala mzazi aliyesoma sana.

Nianze na hali ya darasani, kwa sababu wazazi wengi hawaijui. Tangu ada na michango vilipofutwa katika shule za msingi na sekondari za serikali kuanzia Januari 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wameandikishwa, na hilo ni jambo jema ambalo sitaki mtu yeyote alirudishe nyuma. Hata hivyo, kuna vyumba ambamo mwalimu mmoja anakabili watoto zaidi ya mia moja. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika thelathini. Mwalimu akitaka kumsikiliza kila mtoto akisoma kwa dakika moja tu, na darasa lina watoto mia moja, anahitaji zaidi ya vipindi vitatu ambavyo havina kazi nyingine yoyote ndani yake. Ndiyo maana darasa husoma kwa pamoja, kwa sauti moja, na ndani ya sauti ile kubwa mtoto asiyejua anaweza kujificha muhula mzima bila mtu kugundua. Ripoti za mpango wa Uwezo, ambao watafiti wake walikuwa wakiwafuata watoto majumbani mwao na kuwapima, zilionyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu walishindwa kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Waliokaa darasani na watoto hao hawakushangaa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba wazazi ni kumsikiliza mtoto akisoma kwa sauti, kila siku, kwa muda usiozidi robo saa. Linaonekana jepesi mno, lakini lina mambo yake.

Mpe mtoto ukurasa wa kitabu chake cha darasa la kwanza, na mara nyingi atausoma wote bila kukwama, kwa kasi na kwa mahadhi yale yale ya darasani. Usifurahi haraka. Weka kidole katikati ya ukurasa, kwenye neno moja tu, umwulize hilo linasomekaje. Kisha funika picha kwa kiganja umwombe aanze na sentensi ya mwisho. Kama sasa ananyamaza, au anatazama uso wako akitafuta jibu, ujue alikuwa ameikariri sauti ya ukurasa na kuikumbuka kwa kuangalia picha. Mtoto wa namna hiyo si mjinga wala mvivu. Kumbukumbu yake ni kali kiasi kwamba imemwezesha kuishi darasani bila kusoma. Anachohitaji ni kurudishwa kwenye silabi, moja baada ya nyingine, katika maneno ambayo hajawahi kuyaona.

Kiswahili kinatusaidia sana hapa. Mtoto akishajua sauti ya kila herufi anaweza kusoma karibu neno lolote, kwa kuwa tunaandika kama tunavyotamka. Wengi hukwama kwenye silabi mwambatano, yaani zenye konsonanti zaidi ya moja. Mtoto anayesoma «baba», «kuku» na «meza» bila wasiwasi atasimama kabisa akifika kwenye «nywele», «mbwa», «chungwa» au «ng'ombe», na atasoma «ngoma» na «ng'oa» kana kwamba zinaanza kwa sauti moja. Mzazi akiliona hilo, anaweza kukaa na mtoto na kutafuta vitu vya nyumbani vyenye sauti hiyo: nywele, nyumba, unyasi, ng'ombe, ng'ambo, kung'aa. Yatamkeni kwanza kwa mdomo, kisha yaandikwe. Vitanza ndimi navyo ni dawa nzuri, maana mtoto anayechanganya «l» na «r», kama wengi wetu tunavyochanganya hata ukubwani, atacheka na kurudia mara ishirini kwamba wale watu wa Liwali wala wali wa Liwali, na hatajua kwamba anafanya zoezi.

Mtoto akikwama kwenye neno, subiri. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla ya kusema lolote. Nimewaona wazazi wenye mapenzi makubwa kwa watoto wao wakilimalizia neno mtoto akiwa bado anavuta pumzi, na nimewaona wengine wakinyanyua mkono. Wote wawili wanamfundisha jambo moja, nalo ni kwamba kukwama ni kosa. Mtoto aliyepigwa kwa kukosea silabi hujifunza kunong'ona, na mtoto anayenong'ona hatuwezi kumsahihisha. Nawasihi kwa moyo wangu wote, fimbo isikaribie kabisa saa ya kusoma.

Wazazi huniambia hawana vitabu. Ni kweli kwamba kitabu cha hadithi ni ghali kwa nyumba nyingi, na vile vya shule mara nyingi hubaki shuleni. Lakini ni nyumba chache sana nchini mwetu zisizo na kanga. Kanga ina jina lake, limeandikwa kwa herufi kubwa na nyeusi, juu kidogo ya pindo la chini, na kwa kawaida halizidi mstari mmoja. Siku ya kufua, mama anaweza kutandaza kanga tatu au nne na kumwambia mtoto atafute ile iliyoandikwa WEMA HAUOZI, kisha amwulize maana yake, kisha amwambie anakili jina la kanga ya bibi yake kwenye daftari kwa herufi ndogo, jambo ambalo humlazimisha kufikiri kila herufi kubwa ina mwenzake yupi. Yapo majina ya kanga yaliyolenga mke mwenza au jirani, na hayo mama atayajua na kuyaweka pembeni. Yanayobaki yanatosha likizo nzima. Pakiti ya unga, boksi la majani ya chai, kalenda ya ukutani na kibao cha daladala kinachosema gari linatoka wapi na linakwenda wapi, vyote hivyo ni maandishi. Mtoto anayesafiri na baba yake kutoka stendi ya Msamvu asiachwe akitazama dirishani tu. Asome majina ya maduka na kuyatafuta yenye herufi anayoijua.

Kuhusu kuandika nitasema machache. Mtoto wa darasa la kwanza asiandike kurasa. Aandike jina lake, majina ya ndugu zake, na vitu vitatu vya kununua dukani, kisha aende dukani na karatasi yake, kwa sababu hapo ndipo anapoelewa kwamba maandishi ni ujumbe na kwamba herufi iliyosahaulika inaweza kuleta nyumbani kitu kingine. Wa darasa la pili na la tatu waandike barua fupi kwa bibi au shangazi aliye mbali. Mtu mzima mmoja aichukue picha kwa simu na kuituma, na bibi ajibu. Kama hakuna daftari, uwanja uliofagiliwa na kijiti vinatosha kwa kujifunza umbo la herufi. Kinachochosha na kisichozaa ni kunakili kurasa nzima za kitabu, kazi ambayo huwapa wazazi faraja kwa sababu daftari linajaa, huku kichwa cha mtoto kikiwa kimelala.

Kwenye kuhesabu ndiko nyumba ina utajiri mkubwa kuliko darasa. Chukua mchezo wa mdako, ambao wasichana wetu wengi wanaujua na wavulana wangefaa waujue pia. Mtoto huchimba kishimo, huweka vijiwe ndani, hurusha kimoja juu, na kabla hajakidaka huvikomba vingine nje kwa mkono ule ule. Kisha hurusha tena na kuvirudisha vyote isipokuwa kimoja, ambacho huwa chake. Zamu inayofuata huacha viwili viwili, halafu vitatu vitatu. Mtoto anayecheza kwa vijiwe kumi na viwili atagundua mwenyewe kwamba kwa viwili, kwa vitatu na kwa vinne shimo huisha sawasawa, lakini kwa vitano hubaki viwili. Huko ni kugawanya, na tena kugawanya kwenye baki, jambo ambalo nikilileta ubaoni bila vijiwe nusu ya darasa hunitazama bila kuelewa. Mzazi anachotakiwa kufanya ni kusimama kidogo na kuuliza: vilikuwa vingapi, umechukua mara ngapi, vimebaki vingapi?

Halafu kuna kutoa kwa kuchukua, ambako watoto wengi wa darasa la pili hupotelea. Kusanya vijiti au vizibo vya soda. Vijiti vifungwe kumi kumi kwa kamba au uzi wa mgomba. Mpe mtoto mafungu matatu na vijiti vinne, yaani thelathini na nne, kisha mwombe akupe kumi na vinane. Atakupa fungu moja bila shida, kisha atataka vinane na kukuta ana vinne tu pembeni. Nyamaza. Atageuza vijiti, atakuangalia, na baada ya muda atauliza kama anaruhusiwa kufungua fungu. Mruhusu. Sasa ana kumi na vinne, atatoa vinane, na mbele yake patabaki fungu moja na vijiti sita. Mtoto aliyefungua fungu kwa mkono wake haniandikii tena jibu la ishirini na nne, lile kosa la kutoa tarakimu ndogo kutoka kubwa bila kujali ipi iko juu.

Duka nalo ni mwalimu. Mtoto akitumwa na noti ya shilingi elfu moja kununua chumvi na vitunguu, aulizwe kabla hajaondoka atarudi na shilingi ngapi, na akirudi aihesabu chenji mbele yako. Jikoni apime mchele kwa kikombe na kueleza wageni wawili wakiongezeka vitaongezwa vikombe vingapi. Bibi zetu walipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikiwa pishi moja, na watoto wao waliijua robo kabla hawajaisikia shuleni.

Saa ni somo lenye ugumu wake kwetu, na naona halizungumzwi vya kutosha. Simu ya baba inaonyesha 7:00 na baba anasema ni saa moja. Kwenye saa ya ukutani mshale mfupi umegusa 7, nasi tunasoma namba iliyo upande wa pili. Mtoto anayefikiri vizuri lazima achanganyikiwe, na akichanganyikiwa huchekwa. Mweleze waziwazi kwamba sisi tunahesabu saa za mchana kuanzia macheo, na kwamba saa za kigeni zimetangulia kwa saa sita. Kisha kila siku umwulize mara mbili au tatu: sasa ni saa ngapi kwetu, na simu itaandikaje? Kwa njia hiyo atakuwa anajumlisha na kutoa sita likizo nzima bila daftari.

Jioni, baada ya chakula, ni wakati wa vitendawili na hadithi. Mtoto akitegewa «nyumba yangu haina mlango» na akajibu yai, mwulize amejuaje, na umpe nafasi ya kutega cha kwake. Kutunga kitendawili ni kuchambua kitu kwa sifa zake, na kusimulia hadithi kwa mpangilio wa kilichotangulia na kilichofuata ndiko kunakomwezesha baadaye kuelewa anachokisoma. Tunawapata shuleni watoto wanaotamka kila neno sawasawa na wasioweza kusema hadithi ilihusu nini. Mara nyingi wanatoka katika nyumba ambamo mtoto huambiwa mambo lakini haulizwi.

Hapo ndipo penye faraja kwa mzazi ambaye hakubahatika kusoma. Kwa kuuliza, kusikiliza, kusimulia na kuhesabu vijiwe hahitaji cheti. Mama asiyejua kusoma anaweza kumwambia mtoto, «Nisomee, halafu unieleze kwa maneno yako mwenyewe,» na akafuata kwa makini kama maelezo yanaingiana. Shule zilipofungwa Machi 17, 2020 kwa sababu ya korona na kufunguliwa tena Juni 29, nilipokea darasani watoto waliosahau hata herufi walizokuwa wakizijua, na wengine waliorudi wakisoma vizuri zaidi ya walivyoondoka. Nilitarajia kwamba tofauti ingefuata hali ya mfuko wa nyumba. Haikuwa hivyo. Nilipowauliza watoto walikuwa wakifanya nini, waliorudi vizuri karibu wote walimtaja mtu: babu, dada wa darasa la sita, mpangaji wa chumba cha pili.

Wapo watakaosema kwamba wao hutoka kazini usiku na hawana nguvu. Naielewa hali hiyo, kwa kuwa wazazi wa wanafunzi wangu ni mama lishe, madereva wa bodaboda na vibarua wa mashambani. Robo saa inaweza kupatikana wakati wa kumenya vitunguu au kusubiri maji yachemke, na siku isipopatikana kabisa, kaka au dada mkubwa ashike zamu. Ila niseme jambo moja kwa uwazi. Kujifunza kupitia kazi za nyumbani kusiwe kisingizio cha kumlemea mtoto kwa kazi, na hasa mtoto wa kike. Naona katika nyumba nyingi kwamba kaka anaachiwa muda wa kucheza na kusoma huku dada yake wa miaka minane akiteka maji, akiosha vyombo na kumbeba mdogo wake mpaka giza linaingia. Kijana naye apime mchele, na binti naye apate saa ya kukaa na kitabu kabla mwanga wa jua haujaisha.

Wengine wanaogopa kwa sababu ya Kiingereza, hasa baada ya mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 kukiweka tangu darasa la kwanza, na wanaona kwamba bila twisheni mtoto ataachwa. Shuleni atafundishwa Kiingereza. Nyumbani mpeni lugha mnayoijua vizuri, kwa sababu mtoto aliyezoea kusoma kwa kuelewa na kujieleza kikamilifu katika Kiswahili huja darasani na tabia ya kutafuta maana, na tabia hiyo huihamishia kwenye lugha ya pili.

Siwalaumu wazazi wanaolipia twisheni; wanatoa fedha ngumu kwa ajili ya watoto wao. Ninachohoji ni kinachonunuliwa. Chumba chenye watoto arobaini wa madarasa mbalimbali wanaonakili maswali kutoka ubaoni hakimpi mtoto wa darasa la pili kile alichokikosa shuleni, yaani mtu mmoja wa kumsikiliza yeye. Jirani zetu wa Kenya, katika Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, walikataza wanafunzi kulazimishwa masomo ya likizo. Sisemi kwamba sheria peke yake inatosha, ila wazo lililo nyuma yake, kwamba likizo ya mtoto ina kazi yake, ni sahihi.

Walimu wenzangu nao nawaomba tubadili kazi tunazowapa watoto wanapoondoka. Badala ya maswali mia moja ya kunakili, tumwambie mtoto aje Januari na kitendawili alichokipata kwa mtu mzima, majina matatu ya kanga aliyoyasoma mwenyewe, na maelezo ya jinsi nyumbani kwao wanavyogawana ndoo ya maji. Mambo hayo tunaweza kuyafanyia kazi wiki nzima ya kwanza, na hayawezi kuandikwa na kaka mkubwa usiku wa kuamkia shule.

Mwisho, ndugu Mhariri, nina ombi kwako. Gazeti lako hufika mahali ambapo kitabu cha hadithi hakifiki. Likishasomwa hufungiwa karanga na vitumbua, na watoto hulichukua tena. Tenga safu moja kila Jumamosi kwa ajili ya watoto wanaoanza kusoma: kisa cha sentensi nane hadi kumi, chenye herufi kubwa kuliko za habari nyingine, bila neno lenye silabi ngumu katika majuma mawili ya mwanzo, kisha silabi mwambatano zikiingizwa moja moja; chini yake swali moja la kumfanya mtoto aeleze alichosoma, na kitendawili ambacho jibu lake litatoka Jumamosi inayofuata. Niko tayari kuandika visa vya kuanzia bila malipo yoyote, na walimu wawili wa darasa la kwanza ninaofanya nao kazi wamekubali kuvijaribu kwa watoto kabla havijachapishwa. Tukianza Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, kutakuwa na visa vya kutosha hadi watoto watakaporudi darasani Januari.

Wako,
Mwalimu wa madarasa ya chini,
Morogoro